Kuvusha vifaranga wa Brahma kutoka Kenya hadi Uganda

Ndugu, hao vifaranga ishirini wa Brahma, aina ya kuku wakubwa, unaotaka kuwapitisha Busia kwa basi, usilipe hata senti kabla ya kibali. Kibali cha kuingiza kuku hutolewa na Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi iliyoko Entebbe, na lazima kitangulie mzigo. Ukishakipata, mtumie muuzaji nakala, kwani masharti yaliyoandikwa humo ndiyo daktari wa mifugo wa Kenya atakayoyafuata akitoa cheti cha afya. Uliza pia kama kuna marufuku kwa ajili ya mafua ya ndege. Mwaka 2017 ugonjwa huo ulionekana kandokando ya Ziwa Viktoria, na hali ikichafuka, mpaka wa nchi hufungwa ghafla.

Safari yenyewe ndiyo inayoua. Kifaranga huishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni, yapata saa 72 hivi, kwa hiyo chukua wa siku moja tu. Mgeuze utazame kitovu: kikiwa kibichi au kina kigaga cheusi, mwache. Brahma halisi ana manyoya miguuni mpaka vidoleni, na undu wake ni mfupi wenye mistari mitatu. Wengi huuziwa chotara hapa! Hakikisha wamechanjwa dhidi ya Marek, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, kiangulioni; baadaye ni kuchelewa.

Washa joto la nyuzi 33 hivi kabla hawajafika, wape maji kwanza kisha chakula, na watenge na kuku wako wa nyumbani, wasije wakaambukizana ugonjwa wa mdondo (kideri).