Taa ya ABS Ikiwaka Kwenye Lori, Usikimbilie Kununua Kontroli

Kosa lililonifundisha mfumo wa ABS wa magari makubwa, yaani ule unaozuia magurudumu yasijifunge breki zinapokanyagwa, nililifanya katika gereji moja ya Tabata, miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya ufundi umeme wa malori, na tajiri mwenye gari ndiye aliyelilipia. Lori lake lilikuwa limerudi kutoka Tunduma, likafunguliwa habu, yaani kitovu, ya gurudumu la mbele la kushoto ili libadilishwe beringi, na siku iliyofuata dereva akalalamika kwamba taa ya njano ya ABS haizimiki. Nilipima sensa ya kasi ya gurudumu hilo kwa mita, nikaikuta nzima, nikahitimisha kuwa kilichokufa ni kompyuta yenyewe, ile ambayo sisi mafundi tunaiita kontroli. Ikanunuliwa nyingine, iliyotumika lakini nzima. Tulipofungua swichi taa iliwaka kidogo, ikazimika yenyewe kama inavyotakiwa, tukapeana mikono. Kabla gari halijafika Ubungo ilikuwa imewaka tena.

Ninaandika kwa ajili ya wenye malori, madereva na mafundi vijana, kwa sababu hadi leo ninaziona kontroli nzima zikivuliwa na kutupwa kwa makosa yaliyofanywa na waya, grisi au nyundo.

Kontroli haiioni barabara wala haijui uzito wa mzigo. Inachokijua ni kasi ya kila gurudumu linalopimwa, na habari hiyo inaipata kwa sensa, ambayo katika malori mengi ni kijiti chenye sumaku na koili (waya uliosokotwa) ndani yake, kinachotazamana na pete ya meno iliyobanwa kwenye habu. Pete hiyo kwa kawaida ina meno 100. Kila jino linapopita mbele ya sumaku huzaa umeme kidogo unaopanda na kushuka, na kontroli huhesabu mapigo hayo: tairi la lori ambalo mzunguko wake ni kama mita 3.2, likienda kilomita 60 kwa saa, hupitisha takribani meno 500 kila sekunde. Umeme huo huongezeka kasi inapoongezeka, na hupungua sensa inapokaa mbali na meno. Gurudumu likisimama, sensa ya aina hii haitoi chochote.

Hapo ndipo niliponaswa. Unapofungua swichi gari likiwa limesimama, kontroli haina meno ya kuhesabu, hivyo hupitisha mkondo mdogo wa umeme ili kujiridhisha tu kwamba koili za sensa na za vali za breki hazijakatika wala kugusa bodi ya gari. Kipimo cha pili hungoja mpaka gari litembee kilomita chache kwa saa, ndipo inapolinganisha mapigo ya magurudumu yote. Koili ya sensa yangu ilikuwa salama, na kontroli mpya haikuwa na kumbukumbu ya kosa lolote, kwa hiyo taa ilizimika. Gari liliposogea, magurudumu mengine yakasema na la mbele kushoto likanyamaza. Fundi wa beringi alikuwa ameisukuma sensa nyuma alipovua habu, wala hakuirudisha. Niliisukuma kwa kidole hadi ikagusa pete, nikairejesha kontroli ya zamani mahali pake, na gari lilipotembea taa ikazimika, haikuwaka tena. Ile iliyonunuliwa muuzaji alikataa kuipokea.

Sasa tuone kontroli inafanya nini na hesabu hizo. Breki zinapokamata kuliko tairi linavyoweza kushika lami, gurudumu huacha kuzunguka huku gari bado linakwenda, tairi linaburuzwa, na usukani wa mbele au mkia wa tela hauongozeki tena. Hivyo ndivyo tela linavyojikunja na kukigeukia kichwa cha lori. Kontroli ikiona gurudumu moja linapoteza kasi ghafla kuliko mengine, huiamuru vali iliyo karibu na gurudumu hilo. Vali hiyo ina koili mbili: moja hufunga njia ya upepo unaotoka kwenye pedali, nyingine hufungua njia ya kuutoa nje ule ambao tayari umeingia kwenye chemba ya breki. Kwa koili hizo mbili kontroli inaweza kuuzuia upepo usizidi, kuupunguza, au kuuacha uingie tena, na hurudia hivyo mara kadhaa ndani ya sekunde moja mpaka gari lisimame. Ule mlio wa upepo unaotoka kwa kukatakata si hitilafu, na dereva asiuogope. Akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia. Mazoea ya zamani ya kukanyaga na kuachia humaliza upepo kwenye mitungi na kuivurugia kontroli kazi.

Vali isipopata umeme huacha njia ya upepo wazi, na breki hufanya kazi kama za lori lisilo na ABS kabisa. Wahandisi walipanga hivyo kwa makusudi, na ni busara, ila ndiyo sababu taa inaweza kuwaka miezi sita bila dereva kuhisi tofauti yoyote. Tofauti huja siku ya mvua ya kwanza, Barabara ya Mandela ikiwa na vumbi na mafuta yaliyolowa, tela likiwa tupu linarudi bandarini. Nimewahi kufungua dashibodi nikakuta balbu ya ABS imeng'olewa ili gari lipite ukaguzi. Huyo aliyeing'oa ningependa siku moja apande kiti cha utingo katika mvua kama hiyo.

Jambo hili si geni. Wabco na Mercedes-Benz walileta ABS ya magari ya biashara mwaka 1981, na Marekani iliilazimisha kwa vichwa vipya vya malori (vile vinavyovuta matela) vyenye breki za upepo kuanzia Machi 1997 na kwa matela mwaka uliofuata.

Taa ikiwaka, mimi sasa huanza na umeme wenyewe, kwa sababu betri chovu au nati ya waya wa bodi (wa hasi) iliyoshika kutu hutosha kuitoa kontroli ya volti 24 kwenye kazi. Kisha hunyanyua gurudumu, nikalizungusha kwa mkono takribani mzunguko mmoja kwa sekunde mbili, na mita ikiwa kwenye umeme geu (AC) ninataka kuona angalau volti 0.2. Ikiwa chini ya hapo, nasukuma sensa kwa mkono, kamwe si kwa nyundo, na kukagua kile kibati cha springi kinachoibana, maana kikilegea sensa itarudi nyuma baada ya mashimo mawili matatu. Pete iliyopinda au yenye jino lililovunjika huleta kosa linalokuja na kuondoka. Matairi ya saizi tofauti nayo huichanganya kontroli, kwa kuwa dogo huzunguka haraka zaidi. Kontroli yenyewe ni ya mwisho kushukiwa. Na atakayechomelea chasi achomoe kwanza betri na soketi za kontroli.

Dereva asiipe ABS kazi isiyo yake. Haipozi breki zilizopata moto mteremko wa Kitonga, ambako gia ndogo na eksozi breki (breki ya injini inayoziba moshi) ndivyo vinavyookoa, na kwenye kokoto gari linaweza kuchelewa zaidi kusimama kuliko lisilo na ABS, ambalo tairi lake lililojifunga hujichimbia.

Kwa wenye matela kuna waya mmoja wa kufuatilia. Tela lina kontroli yake, inayolishwa kwa waya maalumu wenye pini 5, au 7 pale ambapo mbili za ziada hupitisha mawasiliano. Utingo akishaunganisha mipira ya upepo na waya wa taa, tela linavutika na taa zinawaka, hivyo waya huu wa tatu hubaki umening'inia nyuma ya kichwa, pini zikiota kijani. Ninapokabidhi gari, huwa namwomba dereva afungue swichi mimi nikiwa nimeinama chini ya tela. Vali zikipiga pumzi zao fupi fupi, ishara kwamba kontroli ya tela inapata umeme, namrudishia karatasi zake.