Anayesoma Kijerumani na amepewa mada ya vyombo vya habari: anza na swali la nani analipa

Ndugu mleta uzi, umesema mtihani wa mdomo umekaribia na majina ya magazeti ya Kijerumani hayakukai kichwani. Nilipita njia hiyo hiyo. Majina niliyakariri yote, mtahini akaniuliza jambo moja tu: televisheni ya umma analipia nani? Nikakaa kimya.

Basi anzia hapo. Ujerumani karibu kila kaya hulipa ada iitwayo Rundfunkbeitrag, tangu 2021 ni euro 18.36 kwa mwezi, hata kama nyumbani hamna televisheni. Fedha hiyo inaendesha vituo vya umma, yaani ARD na ZDF (televisheni na redio) na Deutschlandradio (redio), bila kupitia bajeti ya serikali. Chanzo chake ni machungu: Wanazi waliifanya redio kuwa mdomo wao, kwa hiyo baada ya vita utangazaji ukawekwa mikononi mwa majimbo, serikali kuu isiushike peke yake. Ila DW (Deutsche Welle), hii inayotutangazia kwa Kiswahili tangu 1963, inaendeshwa kwa kodi ya serikali kuu. Usizichanganye.

Kisha soma vizuri mkasa wa jarida la Der Spiegel, 1962. Liliandika kuhusu udhaifu wa jeshi, polisi wakavamia ofisi zake, na mwenye jarida, Rudolf Augstein, akawekwa ndani siku 103. Watu wakaingia mitaani. Mwishowe aliyeng'oka ni waziri wa ulinzi, Franz Josef Strauß. Ukiuelewa mkasa huu, utajua kwa nini Wajerumani hukasirika haraka mwandishi akiguswa.

Sasa lugha yenyewe, na hapa ndipo nilipoipenda mada. Sikiliza Tagesschau, taarifa ya habari ya ARD, ya saa mbili usiku kwa saa zao, dakika 15 tu. Mtangazaji hasemi "der Minister ist krank" (waziri ni mgonjwa), atasema waziri amesema "er sei krank". Hiyo "sei" ni Konjunktiv I, umbo la kitenzi la kuripoti maneno ya mtu mwingine: maneno ni ya msemaji, mtangazaji hayabebi. Usiitafsiri kwa "eti", maana eti yetu ina shaka ndani yake. "Sei" haina upande wowote.

Chukua habari moja, isikilize Tagesschau, halafu isome kwenye Bild, gazeti la udaku. Hesabu "sei" na "habe" (Konjunktiv I ya "haben") kila upande. Nilifanya hivyo wiki tatu kabla ya kurudia mtihani, na safari hiyo mtahini ndiye aliyetaka tuendelee kuzungumza.