Je, mfuko wa DAF unaweza kulipa ada ya mdogo wangu na matibabu ya mama?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi na mume wangu tunaishi Dallas, mapato yetu ni kama dola 180,000 kwa mwaka. Mume wangu ana hisa za kampuni anayofanyia kazi: zilinunuliwa kwa dola 12,000, leo zimefika 40,000, na tunazo kwa zaidi ya miaka mitatu. Kila mwaka tunatuma nyumbani bila mpango, leo msiba, kesho harambee ya darasa kijijini, na Desemba ikifika hatujui tumetoa nini kwa ajili ya nini. Anayetujazia kodi ametushauri tufungue mfuko wa hisani wa DAF (donor-advised fund, yaani mfuko ambao mtoaji hushauri fedha ziende wapi), tuweke hisa humo, tupunguziwe kodi, halafu mfuko ulipe polepole ada ya mdogo wangu aliyeko chuo Dodoma, matibabu ya mama, na ujenzi wa darasa. Anatoza asilimia 15 ya tutakachorudishiwa. Tuendelee?

Jibu: Marahaba dada. Darasa linawezekana, kwa njia yake. Ada ya mdogo wako na matibabu ya mama haviwezekani kabisa, na aliyewaambia vinawezekana ama haijui kazi yake, ama anaijua na anawadanganya.

Swali hili hunifikia kila mwisho wa mwaka, na kosa ni lile lile: watu wanaambiwa kwamba DAF ni akaunti yao yenye nafuu ya kodi. Si akaunti yenu. Hisa zikishaingia, mwenye mali ni shirika la hisani linaloendesha mfuko, liwe mfuko wa jamii wa mji wenu au shirika kubwa kama Fidelity Charitable. Ninyi mnabaki na haki ya kupendekeza ziende wapi, na shirika lina haki ya kukataa. Ni kama shamba lililowekwa wakfu: mtoaji anaweza kushauri mavuno yapelekwe wapi, lakini hawezi kurudi kuvuna kwa ajili ya nyumba yake. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inawapa punguzo mwaka uleule, hata kabla senti moja haijamfikia mhitaji, kwa sababu hiyo tu: mmeiachia mali moja kwa moja.

Sheria ya mwaka 2006 ilifunga mlango huu kwa adhabu nzito. Shirika likitoa fedha za DAF kwa mtu binafsi, yeyote yule, linatozwa kodi ya asilimia 20 ya kiasi hicho. Na manufaa yakikurudia wewe, mwenzi wako, mzazi, mtoto au ndugu yako wa kuzaliwa, aliyependekeza malipo au aliyenufaika anatozwa asilimia 125 ya manufaa hayo. Yaani ada ya dola 3,000 inaweza kuzaa kodi ya dola 3,750. Mwaka huohuo wa 2006 mahakama ya shirikisho ilikubaliana na IRS kulinyima msamaha wa kodi shirika lililokuwa likiwauzia watu mpango wa namna hii, watoto wao walipiwe chuo kutoka kwenye mfuko. Huo mnaouziwa leo kama siri mpya ulishakataliwa miaka mingi iliyopita.

Watawaambia basi, “pitisheni fedha chuoni, jina la mdogo lisionekane.” Hapana. Malipo yakilenga ada ya mtu mnayemjua ninyi, kupitia chuo hakubadilishi kitu.

Mama na mdogo wasaidieni kwa fedha yenu ya mkononi, bila kutafuta punguzo. Hakuna adhabu kwa hilo. Mwaka 2026 kila mmoja wenu anaweza kumpa mtu mmoja hadi dola 19,000 bila kujaza fomu ya kodi ya zawadi, na ada mnayolipa moja kwa moja chuoni au gharama mnayolipa moja kwa moja hospitalini haihesabiwi kabisa humo. Na kama huyo anayewajazia kodi alimwandika mama kuwa tegemezi wenu ilhali si raia wa Marekani na anaishi Tanzania, hilo nalo ni kosa.

Kuhusu darasa: DAF haitumi fedha kwa kamati ya ujenzi wala kwa simu ya mwenyekiti wa kijiji. Itatoa kwa shirika la hisani linalotambuliwa Marekani na lenye mradi Tanzania, au kupitia shirika la kati kama CAF America au King Baudouin Foundation United States, ambayo huchunguza mpokeaji wa nje na kufuatilia matumizi. Uchunguzi huo una gharama na huchukua muda. Ulizeni kabla ya kuhamisha hisa, maana masharti ya kutoa nje hutofautiana kati ya mfuko na mfuko.

Sasa hesabu, kwa sababu hisa zenu kweli zinafaa. Tuseme riba ya mkopo wa nyumba na kodi za jimbo na mji vinapunguza mapato yenu yanayotozwa kodi kwa dola 18,000. Punguzo la kawaida, ambalo wanandoa hupewa bila kuorodhesha matumizi yao, mwaka 2026 ni dola 32,200. Mkitoa dola 8,000 kila mwaka mnafika 26,000, chini ya lile la kawaida, kwa hiyo kuorodhesha hakuwaongezei kitu. Mkiweka hisa zote za dola 40,000 mwaka mmoja, mnafika 58,000, toeni 900 kwa kanuni mpya inayokata kwenye punguzo la hisani kiasi cha nusu asilimia ya mapato, zinabaki 57,100. Mnapita kiwango cha kawaida kwa 24,900, na kwa daraja lenu la asilimia 22 mnaokoa karibu dola 5,500. Faida ya dola 28,000 iliyomo kwenye hisa nayo haitozwi kodi ya faida ya asilimia 15, mnaokoa dola 4,200 nyingine. Lakini msiziuze kwanza. Zihamishwe zikiwa hisa, na mapema, maana zikifika baada ya Desemba 31 ni punguzo la mwaka unaofuata.

Angalieni: mmetoa 40,000, mmeokoa chini ya 10,000. Asiyekuwa na nia ya kutoa asifungue DAF.

Ninyi nia hiyo mnayo; mnachokosa ni mpango, na mfuko unaweza kuwasaidia mkiupangia ratiba. Taasisi binafsi ya hisani inalazimika kutoa asilimia 5 ya mali yake kwa mwaka. DAF haina sharti hilo la kisheria, na fedha zinaweza kulala humo miaka huku ada za uendeshaji zikizila. Kubalianeni leo: elimu kijijini, kiasi hiki kila Januari, mpaka ziishe.

Sasa huyo wa asilimia 15. Jamii yetu imejaa watu wanaojaza kodi jikoni kwa watu, wakitoza sehemu ya marejesho, kisha wakikataa kusaini ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka. Anayelipwa kujaza ritani analazimika kusaini na kuandika namba yake ya PTIN, ambayo IRS huwapa wanaojaza kodi kwa malipo. Asiyesaini anawaachia ninyi deni, faini na riba, na simu yake haitapokelewa barua ya IRS ikifika. Msimpe saini zenu. Ritani za nyuma zikaguliwe na mhasibu mwenye leseni, zenye kasoro zirekebishwe kwa fomu 1040-X, na malalamiko dhidi yake yapelekwe IRS kwa fomu 14157.