Jibu: Ni kweli majaji wahafidhina ndio wanaojizuia?

Mkuu, umeuliza kama ni kweli kwamba kule Marekani jaji mhafidhina huheshimu sheria za Bunge na mliberali ndiye huzifuta apendavyo. Hiyo ni picha ya enzi za Earl Warren, Jaji Mkuu mliberali wa miaka ya 1950 na 1960, na hukumu ya 1973 iliyohalalisha utoaji mimba. Rudi nyuma zaidi.

Mwaka 1905, katika kesi ya Lochner, Mahakama ya Juu ilifuta sheria ya New York iliyowawekea waoka mikate kikomo cha saa 10 kwa siku. Waliolalamika kwamba majaji wamejigeuza wabunge walikuwa wapenda mageuzi, watu wa upande ule ambao leo tungeuita wa kushoto! Ndiyo maana Felix Frankfurter, jaji wa Mahakama ya Juu aliyeteuliwa na Rais Franklin Roosevelt wa upande huohuo, alihubiri sana majaji kujizuia.

Sasa tazama 2013, kesi ya Shelby County. Sheria ya haki za kupiga kura ilihuishwa mwaka 2006, na Seneti iliipitisha kwa kura 98 kwa 0. Majaji watano wahafidhina wakakiua kifungu chake muhimu. Wanne waliberali ndio waliosema Bunge liachiwe kazi yake.

Kipimo changu ni kimoja: jaji amewahi kuiacha hai sheria ambayo upande wake unaichukia? John Roberts, Jaji Mkuu mhafidhina, alifanya hivyo mwaka 2012 kwa sheria ya bima ya afya ya Obama, na wahafidhina wengi wakamwita msaliti.