Kabla ya Kulipia Isotopu, Kinga Mvua

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeandika tasnifu ya uzamili aliniandikia: "Shikamoo dada, nina hela ya sampuli chache za isotopu, nizichukue kwenye visima gani?" Marahaba, mdogo wangu. Isotopu ni atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito, na ndani ya maji ni kama alama ya yalikotoka. Ila swali lako umelianzia mwishoni. Wengi tunaotaka kuyajua maji ya miamba ya chokaa tunakimbilia maabara kwanza, maana maabara ndiyo inayong'arisha wasifu. Mimi naanzia kwenye mvua, na sababu nitaisema hata kama kuna watakaosoma hapa wakanuna.

Huku Tanga chokaa ya zama za Jurasiki tunaikanyaga kila siku. Mapango ya Amboni yenyewe ni kazi ya maji yaliyoula mwamba. Mji wetu unaitwa "waja leo waondoka leo", na maji ya kasti, yaani ya chokaa iliyotobolewa na maji, yamo humohumo: mvua inazama kwenye ufa mkubwa, baada ya siku chache imeshatokea kwenye chemchemi. Pembeni ya njia hizo kuna maji mengine yaliyojibana kwenye nyufa nyembamba kwa miaka. Kisima kimoja kinaweza kukupa yote mawili, leo haya na kesho yale. Sampuli ya siku moja ya kiangazi itakueleza nini?

Miaka kadhaa nyuma nilisema kikaoni kwamba kisima cha kijiji kimoja, si mbali na mto Zigi, nakishuku kinapokea maji ya mto. Mtaalamu mmoja mtu mzima, ofisi yake siitaji, akanikatisha. "Binti, kile ni kisima kirefu. Maji yake ni mvua ya hapahapa, mwamba umeshayachuja. Isotopu waachie wenye hela zao." Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sicheki.

Nikatengeneza kikinga mvua: dumu, faneli, mpira mwembamba unaofika chini kabisa ya dumu, na ndani ya faneli kipira cha tenisi ya meza. Vyote hivyo ni vya kuzuia mvukizo. Maji yakivukiza, molekuli nyepesi ndizo zinazotangulia kuondoka, zenye oksijeni-18 (oksijeni nzito) na dyuteri (hidrojeni nzito) zinabaki, na wewe utapima jua la Tanga ukidhani umepima mvua. Kila mwisho wa mwezi nilijaza chupa ndogo hadi mdomoni, bila kuacha hewa, nikafunga kwa nguvu zangu zote.

Kikinga cha pili nilikiweka kwa rafiki yangu anayeishi kule Amani, mlimani, na hapo ndipo penye utamu wenyewe. Mawingu yakipanda mlima, molekuli nzito ndizo zinazotangulia kudondoka. Kwa kawaida oksijeni-18 hupungua takriban 0.2 hadi 0.3 kwa elfu kila ukipanda mita 100. Amani iko kwenye mita 900 hivi, na Zigi inaanzia hukohuko Usambara Mashariki. Mto unateremka na alama ya mlimani mpaka pwani, ilhali mvua inayonyesha mjini haina alama hiyo. Ukishapata namba, unazipanga kwenye grafu pamoja na mstari wa mvua wa dunia, ule wa mwanasayansi Harmon Craig wa mwaka 1961: dyuteri ni mara 8 ya oksijeni-18, ujumlishe 10. Maji yaliyokaa juani, kama ya bwawani Mabayani, kwa kawaida huangukia chini ya mstari huo.

Majibu yakaja. Kisima kile kilisimama upande wa mto, na wakati wa masika kiliusogelea zaidi. Bila kikinga cha Amani nisingekuwa na la kusema, ningebaki na namba nzuri zisizo na mizizi. Nikaandika ripoti nikaituma kwa yule mzee. Hata "nimepokea" sikuipata. Baadaye, kwenye semina, nikamsikia kwa masikio yangu akisema "sisi tumegundua" kwamba kisima kile kinalishwa na mto. Nilikaa kiti cha nyuma, nikapiga makofi kama wenzangu.

Kwa hiyo andikeni tarehe, jamani. Daftari lenye tarehe ndilo shahidi wenu. Wala msisubiri mkubwa awaruhusu kuwa sahihi. Wengine hawataruhusu mpaka wazeeke. Mwenye kiu ya elimu haoni haya kushika dumu.

Tukirudi kwenye hela yako. Nunua au azima kipimo cha upitishaji umeme, kinachoonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka majini, na ukitumie kila ukienda, hasa siku zinazofuata mvua kubwa. Kipimo kikishuka ghafla na maji yakabadilika rangi, ni mvua mpya imeingia, na mfereji wa chini kwa chini umeshajitaja bure. Kisima kikiwa cha chumvi, pima kloridi na bromidi. Maji ya bahari yana kloridi karibu miligramu 19,000 kwa lita, na uzito wake ni karibu mara 290 ya bromidi. Uwiano ukipanda sana juu ya hapo na nitrati nayo ikapanda, angalia vyoo kabla hujaisingizia bahari. Kaboni-14, ya kukadiria umri wa maji, iache kwanza: chokaa inaongeza kaboni kongwe isiyo na mionzi, maji ya juzi yakaonekana ya zama za mababu. Tritiamu, hidrojeni yenye mionzi, nayo hupungua nusu kila miaka 12.3, na ile ya mabomu ya miaka ya 1960 huku kusini mwa ikweta ilikuwa kidogo tangu mwanzo.

Rangi ya kufuatilia maji, fluoresini, iwe ya mwisho kabisa. Inafanya kazi, mwaka 1877 Wajerumani waliimwaga pale mto Danube unapozama ardhini, ikatokea chemchemi ya Aach, kilomita 12 hivi kutoka hapo. Lakini pata kwanza kibali cha ofisi ya bonde la maji na uongee na mwenyekiti wa kijiji, maana ndoo ya maji ya kijani alfajiri huwezi kuieleza kwa simu. Vifuko vya mkaa vya kunasia rangi vifunge chini sana, mbali na macho ya watu. Vinafanana na hirizi, na Tanga hirizi isiyo na mwenyewe haikai chemchemini hata siku mbili.