Maswali ya Wasomaji: Schwarzach ni mji mmoja au mitatu?

SWALI: Mhariri, katika sanduku la marehemu babu nimekuta bahasha iliyotoka kwa mtawa wa Kijerumani aliyewahi kutumikia Peramiho. Anwani yake ni Münsterschwarzach, lakini ramani inanionyesha Schwarzach am Main, na kando yake Stadtschwarzach. Je, hiyo ni miji mitatu? Na mbona mto hapo unaonekana kugawanyika? – Msomaji, Nyakato, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, hapo hakuna hata mji mmoja. Schwarzach am Main ni halmashauri ndogo ya wilaya ya Kitzingen, jimbo la Bavaria, mashariki mwa Würzburg, jiji ambalo limekuwa na udugu na Mwanza yetu tangu mwaka 1966. Ndani yake mna vijiji sita: Stadtschwarzach, Münsterschwarzach, Gerlachshausen, Schwarzenau, Hörblach na Düllstadt. Wakazi wote ni takriban 3,500, idadi ambayo kata moja ya Nyamagana hapa Mwanza ingeimeza bila kushtuka, na bado wanamchagua meya wao kwa kura zao wenyewe, ilhali wa kwetu huchaguliwa na madiwani.

Jina limetokana na kijito kinachoingia mto Main, kama mto wetu wa Mirongo unavyoingia ziwani, na maana yake ni maji meusi. "Stadt" ni mji, ingawa Stadtschwarzach leo ni kijiji tu. "Münster" ni kanisa la monasteri, na hapo ndipo bahasha yako ilipotoka. Wabenedikto walifukuzwa mwaka 1803, kanisa lao lililosanifiwa na Balthasar Neumann likabomolewa, kisha wamisionari wa shirika lilelile lenye monasteri za Peramiho na Ndanda hapa Tanzania wakarejea mwaka 1913. Kanisa la sasa, lenye minara minne inayoonekana kutoka mbali, lilikamilika mwaka 1938.

Kuhusu mto, macho yako hayakukudanganya. Kutoka mji wa Volkach, Main hupinda sana kuzunguka mashamba ya mizabibu, na meli za mizigo zilikuwa zikiufuata mzunguko wote huo hadi ulipochimbwa mfereji wa kilomita zipatazo sita, uliofunguliwa katika miaka ya 1950. Mfereji huo unakutana tena na mto huo kijijini Gerlachshausen, kwenye lango la maji linaloshusha meli, na pindo la zamani limeachiwa mitumbwi.