Nimepandikiza nywele na nimekatazwa maji kichwani, swala yangu inakuwaje?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi nipo Mombasa, nilienda Istanbul kupandikiza nywele za mbele, sasa wiki imepita na kidogo. Daktari alisema siku za mwanzo kichwa kisiguse maji, nisiiname, nisivae kofia ya kubana na nilale kichwa kiwe juu. Basi nikaona udhu hautimii na sijda siwezi, nikasimamisha swala mpaka vigaga vitoke, kisha nizilipe zote. Juzi nikaota nikatokwa na manii, nikapata janaba. Alafu mwezi ujao nina safari ya Umra, na kuna jamaa ananiambia nywele zenyewe ni haramu ndo maana zimeanza kudondoka. Nisaidie sheikh wangu.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah akupe shifaa ndugu yangu.

Nianze na huyo jamaa yako maana yeye jibu lake fupi. Kilicholaaniwa kwenye hadithi ni kuunganisha nywele za mtu mwingine, wewe umetolewa vinyweleo vya kisogoni kwako ukapandikizwa mbele, ni zako zinaota na kukatwa kama zingine. Wanachuoni wengi wa zama hizi wameruhusu, na wametolea ushahidi kile kisa cha watu watatu wa Bani Israili kilichomo kwa Bukhari na Muslim, mwenye mbalanga, mwenye upara na kipofu, ambapo malaika alimpangusa yule mwenye upara akapewa nywele nzuri, ingekuwa kurudishiwa nywele ni aibu asingepewa. Na huko kudondoka, madaktari wa fani hii wenyewe wanasema wiki za mwanzo nywele zilizopandikizwa nyingi zinaanguka, shina linabaki chini, mwezi wa tatu au wa nne ndo zinaanza kutoka upya. Sasa mtu akikuona unapukutika akakwambia ni adhabu, huyo amejipa kazi ya kutafsiri ghaibu.

Lililonishtua mimi kwenye swali lako ni hapo uliposema "nikasimamisha swala". Hilo ndo kosa, wala si nywele. Swala haisimami kwa mgonjwa madamu akili yake ipo, kinachobadilika ni namna ya kuswali. Imran bin Huswayn radhiyallahu anhu alikuwa na bawasiri akamuuliza Mtume swalallahu alayhi wasallam, akamwambia aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Hakumwambia asubiri apone.

Tuje kwenye udhu. Sisi huku pwani wengi ni Shafi, na kwa madhehebu yetu kupaka kichwa inatosha sehemu ndogo tu, hata unywele mmoja au ngozi ilipo ndani ya mpaka wa kichwa. Yaani unalowesha ncha ya kidole unagusa hapo juu ya sikio ambapo hakukutolewa wala hakukupandikizwa kitu, udhu umetimia. Wenzetu wa Maliki na Hanbali wanataka kichwa kizima, lakini hata kwao mwenye jeraha ana ruhusa zake. Uso je? Mpaka wa uso kwa juu ni pale nywele zinapoota kwa kawaida ya watu, na mafakihi wamemtaja kabisa mtu mwenye upara wa mbele wakasema ile sehemu iliyo wazi haihesabiwi uso, ni kichwa. Kwa hiyo huko walikopandikiza kwa kawaida si pahala pa kuosha kwenye udhu. Usijimwagie maji usoni kwa viganja viwili kama ulivyozoea, lowesha mkono upitishe kwenye paji taratibu ukiishia chini ya mstari wa nywele zilizopandikizwa. Ikiwa mstari mpya umeshushwa mpaka ukaingia kwenye uso, hicho kipande kisichooshwa unakitilia tayamamu, yaani kupaka uso na mikono kwa vumbi safi badala ya maji, juu ya udhu wako, na vumbi lipulizwe libaki jembamba, usiende kulipaka kwenye vidonda.

Sijda. Kama daktari kakwambia usiiname, basi usiiname, lakini usikae kwenye kiti swala nzima kama ninavyoona watu wanafanya misikitini. Kusimama unaweza, tena unatoka nyumbani unasimama foleni ya matatu! Unapiga takbira umesimama, unasoma Fatiha umesimama, rukuu unaashiria kwa kuinamisha kidogo kiasi usichodhurika, kisha unakaa na sijda unaiashiria kwa kuinama zaidi kidogo ya rukuu. Na kofia weka pembeni, swala ya mwanamme kichwa wazi inasihi, najua kwetu mtu bila kofia anahisi kama yuko uchi ila hiyo ni ada.

Janaba ndo yenye uzito kwa sababu josho, yaani kuoga kwa kujitoharisha, linataka maji yafike mwili mzima mpaka kwenye mashina ya nywele. Wapo wanaolazimisha maji hapa, na hao nawakumbusha hadithi ya Jabir kwa Abu Daud, kuna mtu alipigwa jiwe akapasuka kichwa safarini, akaota, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya tayamamu wakamwambia hatuoni ruhusa nawe unaweza maji, akaoga akafa. Mtume alipopata habari akasema "Wamemuua, Allah awaue, kwa nini hawakuuliza wakiwa hawajui? Hakika dawa ya kutojua ni kuuliza." Basi kwa zile siku ambazo maji yamekatazwa kabisa, unaosha mwili kuanzia shingoni kushuka chini, uso unaosha kama nilivyoeleza, na kwa kile kichwa kilichobaki unatayamamu, na sisi Shafi kila faradhi na tayamamu yake. Ukiruhusiwa maji unaosha kichwa.

Ila subiri. Wewe wiki imeshapita, na kliniki nyingi zinaanza kumuosha mtu kichwa siku ya pili au ya tatu, wanapaka losheni ilainishe vigaga kisha wanamwagia maji ya vuguvugu kwa kikombe bila presha, na wanampa chupa aendelee nyumbani. Kama na wewe unaoga na shampoo yao kila siku, basi udhuru wa tayamamu umekwisha zamani na hukujua! Maji yaliyoruhusiwa kwa shampoo ndo hayo hayo ya josho. Leo hii nuia, chukua kopo, mimina taratibu kichwani, achana na shawa, na vigaga usivibandue, maji yakipita juu yake yametosha.

Umra nenda tu. Kofia huvai kwenye ihramu na jua la Makka si la kwetu, kwa hiyo chukua mwavuli, hauna neno. Nywele zikidondoka zenyewe ukiwa kwenye ihramu huna fidia, ila usijikune mpaka uzing'oe. Wakati wa kutoka usimkubalie kinyozi akupitishie wembe hapo mbele, kunyoa ni bora lakini si lazima, unapunguza nywele tatu za pembeni kwa mkasi na umeshatoka kwenye ihramu.

Hizo swala za nyuma usingoje vigaga viishe. Ukishaoga leo anza kuzilipa, alfajiri ya kwanza, adhuhuri yake, kwa mpangilio, unazolipa na ya wakati wake usiiache ikupite. Zile za siku ulizokuwa Istanbul wewe ulikuwa msafiri, lakini kwa kuwa unazilipa ukiwa mjini kwako unazilipa kamili, zile za rakaa nne unaziswali nne. Wallahu aalam.